Udongo wa Wageni

Kazi yangu ni kuchukua maji ya watu na udongo wao, nipeleke maabara vikapimwe sumu. Subira sina, na kazi hii inaitaka kweli kweli. Siku ya kwanza nilipofika kwa mama mmoja mwenye kisima, ukingoni mwa mtaa wa Manyatta, jua lilikuwa limeshanichosha, na kabla hatujamaliza kusalimiana nikasikia harufu ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ilikuwa inatoka kisimani.

"Mama, umeweka nini kwa kisima?"

"Nimeosha, nyathina," akajibu kwa fahari, akiniita mtoto wake na ndiyo kwanza tumekutana. "Chupa nzima! Si walisema wageni wanakuja kuangalia maji?"

Jamani! Mimi nimetumwa kutafuta uchafu, mwenye kisima ameshaufua. Nikawaka. Nikamweleza kwamba nyuma ya mtaa wao kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, kwamba kiwanda kilifungwa lakini madini ya risasi hayakufunga virago, yamebaki ardhini, na kwamba maji yenye dawa hayawezi kuniambia lolote la maana. Kisima kitakachopatikana na sumu kitafunikwa kwa zege. Nilisema yote hayo kwa sauti ya juu.

"Huyu ana njaa," mama akamwambia dereva wangu, akaingia jikoni.

Alituletea chai na viazi vitamu. Pale hakuna anayekunywa maji ya kisima, lakini wanafulia, wanaoshea vyombo, na bomba likikauka mtaa mzima unapiga foleni kwake. Marehemu mumewe ndiye aliyekichimba, kwa jembe na mikono yake. Alipotushikia jagi tunawe, nikasema, "Asante Mama, nina maji yangu," nikafungua chupa niliyokuja nayo. Akaitazama chupa, akaweka jagi chini, akaanza habari za mvua.

Maji ikabidi yasubiri dawa iishe. Udongo wa kando ya kisima niliuchukua siku hiyo hiyo. Ulikuwa mweusi, laini, hauna hata jiwe, nami nikausifu.

Majibu yake yalipotoka, nilikaa chini. Risasi ilikuwa imejaa mle, ya kutisha. Nilirudi Manyatta na dereva wangu. Mama alikuwa anateka maji. Nikamwambia wazi: udongo una sumu, na kwa majibu kama haya kisima hiki watakifunika.

Aliishika kamba ya ndoo bila kuivuta.

"Basi mzee wangu watamfunika mara ya pili," akasema.

Nilishindwa kumwangalia. Nikajifanya natafuta kitu mkobani. Ndipo aliponiuliza, polepole, "Nyathina, ulichukua udongo gani? Ule wangu, ama ule wa wageni?"

"Wa wageni uko wapi, Mama?"

"Huo mweusi! Wangu ni changarawe tupu, aibu. Nilienda pale kwa mtaro nyuma ya kiwanda, nikabeba mzuri kwa karai, nikamwaga hapa ndio upate kitu ya maana."

Nilipiga yowe. Dereva akaruka kutoka garini akidhani nimeumwa na nyoka, akanikuta nimeshika mbavu nacheka, machozi yananitoka. Mama alitutazama wote wawili kama watu wa kuombewa.

Tuliukwangua ule udongo mzuri wote, tukautia kwenye magunia. Chini yake ikatokea changarawe yake ya aibu, nikachukua hiyo. Kisha tukateka maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka mapya yakaingia kutoka ardhini, nikajaza chupa zangu za maabara. Ule mtaro, ambao haukuwa hata kwenye mpango wetu, ulipimwa wiki hiyo hiyo na kuzungushiwa uzio, na watu wakakatazwa kuchota udongo wake wa kupandia mboga ya sukuma. Bila karai la mama tungeupita tu.

Majibu ya mwisho niliyapeleka mwenyewe. Nikakuta ua haujaguswa na ufagio: magunzi huku, mavi ya kuku kule, sufuria zenye masizi hadharani. Mama alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Leo sijafagia! Chukua vile iko!"

"Leo sichukui kitu, Mama. Kisima chako kizima. Maji hayana sumu, udongo wako hauna sumu. Hakuna wa kukifunika."

"Woi!" Akaketi kwenye ukingo wa kisima, akaupiga kofi kama mtu anayempiga rafiki begani. Akainama, akasema mle ndani kwa nguvu, "Umesikia?"

Halafu akainuka, akajipangusa macho kwa leso, akatuamuru tusiondoke, samaki yuko motoni. Chakula kilipokuwa tayari, alitumbukiza ndoo, akateka, akajaza jagi, akaja kusimama mbele yangu na beseni. Hakunikaribisha kunawa, alingoja tu.

Chupa yangu ilikuwa mkobani. Nikanyoosha mikono yote miwili.