Mama wa Simu ya Upepo Aliyeacha Kusalimia

Ndugu wasomaji, wiki iliyopita nilikuwa Iringa nilipopata habari kwamba mama aliyekuwa akiendesha simu ya upepo, ile redio ya kuitana na zahanati, katika ofisi yetu ya afya Iyunga amefariki. Nilipanda basi hadi Ilomba kumzika, na nililia mbele za watu bila kujificha.

Nilikuwa karani katika chumba kilichopakana na chake. Kila asubuhi zahanati zote, kuanzia Chunya hadi Usangu, ziliwasha mitambo kumsikiliza. Simu ile ina masharti yake: wawili wakibonyeza kitufe pamoja, sauti zinagongana, unabaki mluzi mtupu. Lakini mama huyu alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo alianza kazi kwa kuwasalimu wote. Na huku kwetu, nani asalimiwe na mama mtu mzima akae kimya? Waliitikia kwa mpigo, wakaulizia watoto, mvua na mahindi, naye akaucheka ule mluzi.

Asubuhi moja, ndani ya kelele hizo, Usangu ilikuwa inaomba gari la wagonjwa. Betri yao ilikuwa imechoka, na mke wa mfugaji mmoja alikuwa amekwama katika uchungu wa kujifungua. Hakuna aliyewasikia. Gari lilishinda limeegeshwa nje ya dirisha letu, mpaka jioni tulipoambiwa kwamba mzazi amefariki na mtoto wake. "Nilicheka," aliniambia, macho yamemvimba. "Nilidhani wananiitikia."

Tangu hapo hakuwasalimu tena. Aliita zahanati moja moja, akianza na yenye sauti dhaifu, na wengine wasubiri mpaka waitwe. Wawili wakigongana, aliwanyamazisha wote, kisha akamwita mmoja.

"Mama, siku hizi hata salamu hakuna?" Chunya waliuliza. "Tumekukosea nini?"

"Chunya, subiri. Usangu, sema."

Magari yakaanza kuwahi. Yeye akaitwa mwenye maringo, wala hakujitetea. Siku hizi kila mkutano una wasemaji tele, nami hujiuliza nani anamngoja yule mwenye betri iliyochoka. Aliyenifundisha kwamba kumnyamazia mwenzako ili asikike nako ni heshima yuko chini ya udongo, na inaniuma sana.

Msibani, akina mama waliokuwa wakimenya ndizi walisema, "Alikuwa mtu mwema, ila salamu zilimshinda." Nilisimama niwaeleze habari ya Usangu. Hawakunisikia, walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja.