Nilimwita dada yangu mwizi wa patasi za mzee, kumbe asiyejua kitu ni mie

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Hii imenipata mie mwenyewe, sio "rafiki yangu mmoja". Chumvi sijaongeza. Ningeweza kupunguza ningepunguza, maana humu ndani nimetoka vibaya sana.

Mie naishi Bunju. Mzee wangu yupo Kinyerezi na dada yangu mkubwa, tumwite Somoe. Mzee ni mtu wa kusini, kachonga vinyago Mwenge miaka na miaka, na vinyago hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Somoe aliishia la saba. Mwenye degree ni mie, kwa hiyo nikajipa uenyekiti wa familia.

Hakuna aliyenipigia kura.

Kinyerezi nilikuwa naenda Jumapili moja kwa mwezi. Nakaa saa moja, nakunywa chai, mzee ananitania kitambi, naondoka. Kazini wakiniuliza mzee hajambo, najibu yuko fiti kuliko mie.

Mwaka jana mzee akaanza kunipigia simu. Patasi zake zinaibwa, na anayeiba ni Somoe.

Mara ya kwanza nikapuuza. Mara ya tatu nikaona hapa panahitaji uongozi.

Nikamchukua baba mdogo, tukaenda. Nikamkalisha Somoe, mtu aliyenibeba mgongoni, nikamhutubia nusu saa nzima. Nilitumia mpaka neno "uwajibikaji". Mwisho nikampa wiki mbili ahame.

Hakubisha. Alisema tu, "Nitahama. Ila kabla sijatoka, mpeleke baba hospitali wakamwangalie kichwa."

Nikakubali kwa hasira. Nilitaka daktari aseme mzee ni mzima, ili nimfunge dada mdomo.

Tukaenda hospitali moja mjini yenye kliniki ya wazee wanaosahau. Wakampima presha, sukari, damu, wakampiga na picha ya kichwa. Pale pale wanafanya utafiti kuhusu wazee wanaopoteza kumbukumbu, wakatuomba ridhaa. Mzee akakubali, akaingizwa chumba chake kujibu maswali. Wakasema wanahitaji pia ndugu anayemjua vizuri, ajibu ya kwake chumba cha pili.

Nikanyoosha mkono kabla hawajamaliza kusema. Somoe nikamwachia benchi la korido na chupa ya uji.

Mtafiti alikuwa dada mmoja mpole. Akauliza, mzee anavaa mwenyewe? Nikasema ndiyo. Amewahi kupotea njia? Hapana. Analala vizuri? Sana. Kinyago cha mwisho alikimaliza lini? Hapo nikakohoa. Asubuhi anapenda kula nini? Nikasema chai, kwa sababu ndiyo ninayokunywaga mie nikienda.

Akaweka kalamu mezani. "Kaka, mara ya mwisho umekaa naye kutwa nzima ni lini?"

Nikafikiri weee. Jibu lilikuwa msiba wa mama, miaka sita iliyopita. Na hata siku hiyo nilikuwa bize na mambo ya turubai.

"Samahani," akasema. "Hii fomu inamtaka anayeishi naye."

Degree yangu ikahamia kiti cha pembeni.

Somoe akaingia, akawa anajibu kama mtu anayetaja vyombo vya jikoni kwake. Mzee hajamaliza kinyago tangu mvua za mwaka juzi. Siku moja alipotea akitoka msikitini, akakutwa huko karibu na mitambo ya gesi, na tangu hapo Somoe kamshonea namba ya simu ndani ya kanzu. Patasi anazificha mwenyewe, mara kwenye ndoo ya unga, mara ndani ya foronya. Somoe akizirudisha kwenye sanduku, mzee anasema zimeguswa. Kuoga hataki mpaka aambiwe leo Ijumaa. Kwa hiyo nyumba ile ina Ijumaa tatu kwa wiki.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Nilikwambia. Ukasema ni uzee."

Nikatoa simu nikatafuta. Meseji ipo. Na nilimjibu na kaemoji ka kucheka.

Majibu yalipotoka, daktari akatueleza ni Alzheimer. Sio uzee wa kawaida, sio kurogwa. Dawa ya kuponya haipo, zipo za kumsaidia kidogo, na kazi kubwa ni kujua namna ya kuishi naye. Nikauliza, na hii ya kusema anaibiwa? Akasema inatokea sana, na mgonjwa humtuhumu aliye karibu naye.

"Wewe hawezi kukushuku," akaniambia. "Hupo."

Hakuwa ananisuta, wakuu. Alikuwa anafundisha ugonjwa tu. Ndiyo maana iliniingia.

Nilimuomba dada msamaha mbele ya baba mdogo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, akanikatisha katikati. "Jumamosi njoo ukae naye."

Nikaenda. Nikamvalisha mzee shati nje ndani. Uji nikauunguza. Nikamuuliza "unanikumbuka?" mara nne, mpaka akaniuliza kama mie ndiye niliyeletwa kutibiwa.

Lakini kinachonikaa kichwani ni Somoe. Alivaa dera lake zuri, akachukua mkoba, akafika getini, akasimama. Nikadhani kasahau kitu. Nikamfuata kumuuliza anaelekea wapi.

"Sijui," akasema. "Zamani nilikuwaga na pa kwenda."

Halafu akashika njia ya kituoni. Nikarudi ndani, nikakaa na mzee.

Nilichojifunza: mzee akilalamika anaibiwa, usiitishe kikao. Kaa naye kutwa, kisha mpeleke hospitali. Na usijifanye unamjua mtu unayemtembelea.

Wenye wazee wa hivi nyumbani, nifundisheni, akigoma kula mnafanyaje? Wenye matusi pia karibuni, nayastahili. Ila kama kwenu kuna dada au mke anayemlea mzee, kabla hujanitukana mpigie simu, muulize na yeye mara ya mwisho katoka lini.