Mkono wa Mashavu Kwenye Picha ya Mkeka

Saa mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, Semeni Nassibu anatandaza mkeka wa ukindu uwanjani kwake Mchukwi, wilayani Kibiti. Anapanda juu ya kigoda, simu mkononi, ili aupige picha wote. Upepo unainua ncha. Anashuka, anaikanyaga, anapanda tena. Upepo nao unangoja apande.

Mara ya tatu anakwenda jikoni, anarudi na jiwe na kuliweka juu ya ncha ile.

"Zamani hapo palikuwa na mkono," anasema. "Sasa pana jiwe."

Semeni ana miaka hamsini na minane na husuka mikeka ya kuuza mtandaoni. Ukindu anaununua kwa wanawake wanaotoka upande wa Maparoni, anautia rangi mwenyewe, anausuka mwenyewe, kisha anaufunga mkeka na kuupandisha bodaboda hadi stendi ya Kibiti, uende Dar es Salaam na basi. Mkeka mmoja humchukua wiki mbili na huuzwa shilingi elfu sitini. Mbele za watu ni mcheshi, na mgeni akichelewa kunywa chai humuuliza kama anaogopa kulogwa. Mgeni akishaondoka, nyumba ile haina wa kucheka naye.

Mkono anaoutaja ulikuwa wa dada yake, Mashavu. Wote wawili walifiwa na waume, wakarudi kuishi pamoja katika nyumba ya baba yao. Miaka kumi na moja walikaa barazani wakisuka, kila mmoja na ukili wake, ule mkanda mrefu wa ukindu ambao ukishonwa na wenzake ndio unaokuwa mkeka. Semeni alisuka kili za pembeni. Ukili wa katikati, wenye nakshi, ulikuwa wa Mashavu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Kwetu wa kati ni wa mkubwa," anasema Semeni. "Mdogo hachungulii. Nlijua ipo siku ataniita anionyeshe. Hakuniita, na mie sikuomba."

Mashavu ndiye aliyeanza biashara ya mtandaoni. Mkeka wa kwanza kuutangaza ulikuwa mwekundu na mweusi, na nakshi yake ya kati mpaka leo watu huiulizia. Semeni alipanda kigodani akapiga picha, Mashavu akachuchumaa kushika ncha. Mkono wake wa kulia ukaingia pichani, na kidole chake kidogo kilichopinda tangu utotoni. Walicheka, wakaiacha hivyohivyo.

Mkeka ule uliuzwa kwa watu wa harusi, Mbagala. Mashavu alifariki mwaka juzi, mwezi wa Rajabu. Semeni akabaki na picha.

Aliendelea kuitumia kama sampuli katika kundi la soko la mtandaoni, mpaka siku moja mwaka jana simu ilipolia. Aliyepiga, mwanamke wa Mbagala aitwaye Rukaya, hakutoa hata salamu.

"Mama, huna haya! Nalipia mkeka wa ukindu, unaniletea plastiki?"

Semeni hakuwa amemuuzia kitu. Kuna mtu alikuwa ameichukua picha ile, akaiweka kwenye ukurasa wake, anapokea hela za watu na kuwatumia mikeka ya plastiki ya dukani. Rukaya alipoikuta picha ileile kwenye tangazo la Semeni, akajua amemkamata tapeli wake.

"Nikamwambia, mwanangu, ikuze hiyo picha, tazama hapo kwenye ncha. Unaona kidole kilichopinda? Huyo dada yangu, na keshakufa. Maiti atakudhulumu vipi?"

Rukaya aliikuza. Kisha akasema, "Poleni, mama."

Wengine hawakuwa na subira hiyo. Semeni aliitwa tapeli mbele ya watu mia mbili, akatolewa kwenye kundi kwa miezi miwili. Alikuwa akiuza mikeka miwili kwa mwezi. Akawa akiuza mmoja, mwezi mwingine hata huo haupo.

Akachukua simu akaenda kwa Hemedy, fundi simu wa Kibiti, mwanamume wa makamo anayezungumza na simu mbovu kama watu wanavyozungumza na mbuzi mkaidi. Hemedy akamshauri aandike jina lake juu ya picha, liwe ndiyo chapa yake.

"Wapi nikuwekee, Bi Semeni?"

"Weka pembeni, lisiufunike mkeka."

Likawekwa kwenye ncha, juu kidogo ya mkono. Haikupita wiki, mwizi akaiondoa ya zamani, yenye kidole cha kumuumbua, akaweka hii mpya akiwa ameikata pembe yote ile, na kuendelea kuuza. Jina lilikwenda, na mkono wa Mashavu ukaenda nalo.

Semeni anasema alipoiona picha ile alikaa chini. Hela za watu ziliibwa asilie, kundini alitukanwa asilie. Siku hiyo alilia. "Kamkata dada yangu mkono," anasema.

Alirudi kwa Hemedy kwa hasira. Safari hii alitaka jina lipite katikati ya mkeka, kutoka ncha hii hadi ile, mahali ambapo mwizi hawezi kukata akabaki na kitu. Hemedy alipoanza kuandika "Semeni", akamzuia.

"Andika Mashavu."

"Bi Semeni, marehemu hauzi mikeka."

"Kwani huo kausuka nani?"

Hemedy akaandika. Na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, na Semeni mwenyewe alimwambia "futa hayo ya zamani yote, yananitia uchungu", akafuta picha nyingine zote za mkeka ule. Ikabaki moja tu, yenye chapa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Miezi mitatu baadaye, Semeni aliamua kuusuka tena mkeka ule wa dada yake. Akasuka za pembeni, akafika kwenye ukili wa katikati, akaifungua picha ili ajifunze nakshi asiyowahi kufundishwa. Juu ya nakshi pamelala jina la Mashavu, herufi nene nyeupe.

Picha iliyo safi katikati anayo mtu mmoja tu. Kwa hiyo kila asubuhi Semeni hufungua ukurasa wa mwizi wake. Huko anahesabu nyuzi: mbili nyekundu, moja nyeusi, ruka, rudi. Kisha hurudi kwenye yake kuutazama mkono.

"Namwombea asiifute," anasema, akicheka kidogo. "Umeona mambo? Namlaani jioni, asubuhi namwombea."

Chapa imefanya kazi yake. Hajaibiwa picha tena, na kundini wamemrudisha. Wateja wapya hupiga simu wakiuliza, "Hapo ni kwa Mashavu?" Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha. Siku hizi hasahihishi. Anasema siku nzima hupita bila mtu kulitaja jina lile nyumbani mwake, na akilisikia, hata kwa mtu wa Tandika anayeuliza bei, moyo unatulia.

Ukili wa katikati ameufumua mara nne. Wa tano, anaoonyesha akiwa ameukunja mapajani, umefika zaidi ya nusu, na nakshi haijampotea. Mkeka huu hauuzi mtandaoni. Ni wa Rukaya, yule aliyemtukana, ambaye sasa humpigia kila Ijumaa baada ya swala na ambaye mpaka leo hajapata mkeka wa ukindu aliotaka. Semeni alitaka kuutuma na basi. Rukaya amekataa. Amesema atakuja Mchukwi mwenyewe, kabla ya Ramadhani, kuuchukua.

Semeni anaweka ukili chini na kulitazama lile jiwe, ambalo bado lipo uwanjani juu ya ncha ya mkeka.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Akija, kabla sijamkabidhi, nitapanda kigodani niupige picha. Yeye nitamwomba anishikie ncha."