Kiapo Asichokula Coleta

Ukipita Mwazye ukauliza habari za Bibi Coleta, utaambiwa kwanza habari za ukali wake. Wengine wanasema kazaliwa nao. Si kweli, ndugu zangu. Sogeeni niwaambie ulikotoka.

Coleta alijifunza kushona kwa masista akiwa binti. Alipoolewa na Romani alikuja na ufundi wake kichwani, mikono mitupu. Miaka minne alilima maharage yake mwenyewe pembeni mwa shamba la mume, akifukia majani kwenye matuta kwa jembe la mkono, mpaka akanunua cherehani cha miguu. Alikileta kwa lori kutoka Sumbawanga, kakikumbatia njia nzima kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alishona sare za shule, magauni ya kipaimara, suruali za walimu. Siku moja pasi ya mkaa ilidondoka juu ya meza ya kile cherehani, ikaacha doa jeusi lenye umbo la ulimi. Siku hiyo alilia.

Likaja Azimio la Arusha. Romani alikuwa katibu wa chama katika kata, mtu mwembamba, mkweli wa kuogopesha. Viongozi wakaambiwa wale kiapo: wasipangishe nyumba, wasiwe na mishahara miwili, wasiajiri vibarua. Wengine waliitikia mkutanoni, wakaenda zao kulala. Romani aliitikia, kisha akarudi nyumbani akaanza kutafuta cha kupunguza. Akaanza na baiskeli, akafuata redio. Na ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama Oswaldi, hiki hakitufai."

"Kwani kimeharibika?"

"Kinaleta kipato. Mimi nina mshahara. Hicho ni kipato cha pili."

"Mbona wenzako wanasema cherehani hakikatazwi?"

"Wenzangu wanatafuta upenyo. Mimi sitafuti."

"Baba Oswaldi, hiki ni changu. Hukukinunua wewe. Na kiapo sijala mimi."

"Kiongozi ni mtu na mkewe. Imeandikwa."

"Huyo aliyeandika aliniuliza?"

Kesho yake wanaume wawili walikibeba hadi uwanjani. Romani alikitoa mbele ya watu, kiwe cha kikundi cha akina mama wa kijiji. Aliyekipokea kwa niaba ya kikundi ni Kasmir, mwenyekiti wa kijiji na rafiki yake. Kasmir akawaambia watu wote waige mfano wa katibu. Makofi yakapigwa. Coleta alikuwa amekalishwa mbele, na akina mama wakampigia makofi na yeye, eti kwa moyo wake wa kujitolea. Hakuinua uso.

Kikundi chenyewe hakikushona hata leso. Miezi michache baadaye Kasmir alisema cherehani kimekufa, kimepelekwa mjini kutengenezwa. Romani hakuuliza tena. Alisema kufuatilia kitu ulichotoa ni tamaa.

Basi maisha yakaendelea kupunguzwa. Majirani walipika pombe ya ulezi, wakaita watu wawasaidie kulima, kama Wafipa walivyofanya siku zote. Romani akakataza kwake: kumlimisha mtu kwa pombe ni unyonyaji. Coleta akageuza matuta peke yake, na mimba ya saba tumboni. Sukari ilipoadimika, ikaletwa kidogo kwenye duka la kijiji, Romani akasema kiongozi anachukua mwisho. Walipofika mwisho, gunia lilikuwa limeshakung'utwa. Coleta alijifungua akanywa uji mtupu, huku nyumbani kwa Kasmir watoto wakigombania vikombe vya chai. Watu walimsifu Romani kwamba hana makuu. Ni kweli, hakuwa nayo. Hata madogo hakuwa nayo, ila hayo madogo yalikuwa ya Coleta.

Miaka ikapita, masharti yakalegezwa. Kiongozi sasa ruksa kuwa na mali. Kasmir akaibuka na lori, akaibuka na mashine ya kusaga, akaibuka na duka Sumbawanga mjini, vyote kwa mwaka mmoja, kana kwamba vilikuwa vimejificha chini ya kitanda vikisubiri kuitwa. Romani alistaafu na suti yake moja ya Kaunda na makubazi ya tairi.

Mwaka tisini na nne, mjukuu wao Rahel alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Coleta akauza maharage, akapanda gari kwenda mjini. Alinunua kitambaa dukani kwa Hasna, na Hasna akamwonyesha fundi ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza.

"Yule pale, Selemani, mama. Anashona vizuri."

Coleta akavuka. Akanyoosha mkono kumpa fundi kitambaa, na mkono ukabaki hewani. Juu ya meza ya cherehani kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la ulimi.

"Shikamoo, bibi. Ni sare?"

"Marahaba. Hiki cherehani cha nani?"

"Cha bosi, mzee Kasmir. Anavyo vinne. Hiki ndicho cha kwanza, huwa anasema ndicho kilichomfungulia riziki."

"Inuka."

"Bibi?"

"Inuka, nikae."

Selemani akainuka. Sijui angefanya nini kingine. Uso ule ungemwinua hata askari.

Kasmir akaja mbio kutoka ndani, maana kibaraza kile kilikuwa cha duka lake. Mlangoni kwake palikuwa pamebandikwa picha yake mwenyewe, anaomba udiwani. "Shemeji! Karibu, karibu. Leteni soda!"

"Sitaki soda. Nataka cherehani changu."

Kasmir akacheka, akiwaangalia watu walioanza kusogea. "Shemeji, mbona unachekesha? Hiki kilitolewa kwa hiari. Wewe mwenyewe ulipigiwa makofi."

"Kilitolewa kwa kikundi."

"Kikundi kilikufa. Ulitaka kiliwe na kutu?" Akamgeukia dereva wake aliyekuwa anakwenda Mwazye kuchukua mahindi. "Mlete mzee Romani. Yule namjua. Hawezi kudai kitu hata cha babake."

Coleta alikaa pale kwa muda wa saa saba. Hasna alimletea maandazi na chai yenye sukari tele. Akanywa bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

Jioni lori likarudi, Romani akashuka na suti yake. Kasmir akamshika bega. "Katibu, mmalizie mkeo maneno. Ulikitoa, hukukitoa?"

"Nilikitoa," Romani akasema.

Coleta akasimama. Sauti yake ilifika mpaka stendi.

"Ulitoa nini chako wewe? Nitajie kimoja! Ulitoa mgongo wangu. Ulitoa uji wangu wa uzazi. Umefunga miaka ishirini na saba, baba Oswaldi, na njaa nimeiona mimi! Wewe umeshiba sifa. Sasa waambie hawa, usiniambie mimi: hiki kilikuwa cha nani?"

Romani aliinama, akaligusa lile doa kwa kidole, kama anayesoma.

"Kilikuwa cha mke wangu," akasema. "Sikuwa na cha kutoa. Nilimnyang'anya." Akainua macho. "Kasmir, mwizi wa kwanza ni mimi. Wa pili ni wewe."

"Haya, diwani, jibu!" Hasna akapiga kelele kutoka ng'ambo, na watu wakaangua kicheko.

Kasmir alitazama ile picha yake mlangoni, akatazama watu. "Chukueni. Chuma chenyewe kizee."

Akawapa na lori liwarudishe. Coleta akakataa. Walilala kwa Hasna, asubuhi wakapanda gari la abiria, Romani kakipakata cherehani yeye. Alipotaka kuzungumza njiani, Coleta alitazama dirishani.

Nyumbani alikifuta, akakitia mafuta, akakaa. Akachukua uzi. Tundu la sindano hakuliona. Akalowesha uzi mdomoni, akajaribu tena, na tena. Macho yalikuwa yamekwenda, naye hakuwa na habari, kwa kuwa miaka yote ile hakuwa na sindano ya kumjulisha.

Romani alisimama mlangoni. "Nisamehe, mama Oswaldi."

"Sitaki samahani. Njoo utunge uzi."

Akaja, akatunga. Rahel alirudi shule Jumatatu na sare iliyonyooka mshono. Tangu hapo uzi ukikatika Romani huitwa, hata akiwa mbali shambani, na huacha jembe akaja. Akikawia, sauti inayomwita husikika mpaka barabarani, na wapita njia hutikisa vichwa wakisema, bibi yule ni mkali.