Tarishi wa Madirisha Mawili

Zamani mtu akitaka kula vizuri jijini alimfuata mtu aliyejua njia. Siku hizi anafuata kidole chake mwenyewe juu ya kioo cha simu, na akifika anakipiga chakula picha mpaka kinapoa.

Tarishi alikuwa mmoja wa waliojua njia. Tangu ujana wake hadi alipostaafu alibeba bahasha za serikali kwa miguu kutoka ofisi hii hadi ile, chini ya kwapa la kushoto, kwa sababu la kulia, alisema, linatoka jasho zaidi. Hakuwa mtu wa haraka, ila alikuwa na njia za mkato. Aliijua ngazi iliyokuwa nyuma ya mahakama, iliyopanda vizuri na vyuma vyake vya kushikia kisha ikaishia ukutani, maana idara mbili ziligombea mlango na iliyoshinda ikauziba kwa matofali. Makarani walikaa kule juu wakimenya machungwa kwa raha zao, kwa kuwa hakuna mkubwa anayepanda ngazi isiyomfikisha popote. Alilijua paa la jengo la bima, ambako bawabu alifuga bata ndani ya tangi la maji ya kuzimia moto. Alimjua fundi viatu aliyeuza mayai ya kuchemsha kutoka kwenye sanduku lake la misumari, na chumvi yake katika kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, kilichooshwa sana, kwa mujibu wa fundi mwenyewe.

Leo ngazi imebomolewa, bata wameliwa, na viatu vya sasa vikitoboka vinatupwa, kwa hiyo fundi amekwenda zake na mayai yake.

Lakini moyo wa Tarishi ulikuwa kwenye kichochoro cha dobi.

Kilikuwa chembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana, mmoja ilimbidi arudi alikotoka. Upande mmoja ulikuwa ukuta wa dobi aliyefua mashuka ya mahoteli kwa mitambo, na bomba la mvuke wake lilipita chini ya dirisha moja. Juu ya bomba hilo mwanamke mmoja aliinjika sufuria ya supu ya maharage na mifupa, ikatokota tangu asubuhi bila kijiti kimoja cha kuni. Dobi alimwachia kwa kuwa wafanyakazi wake nao walikula. Upande wa pili, katika dirisha la ghala la karatasi, mwanamke mwingine alioka mikate midogo ya mviringo ndani ya pipa. Mteja alichukua supu huku, akageuka, akachukua mkate kule, kisha akala amesimama katikati, bakuli likiwa juu ya ubao uliopigiliwa ukutani. Wa supu aliitwa Mama Supu na wa mikate aliitwa Mama Mikate. Watu hawakujisumbua kutafuta zaidi.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na hawakusemezana.

Mama yao alipougua, mkubwa, yaani Mama Supu, alitaka apelekwe hospitali. Mdogo alisema mgonjwa hataiweza safari, aachwe kitandani mwake. Mkubwa akashinda. Mama akakata roho njiani, hata geti la hospitali hawajaliona. Tangu mazishi hakuna aliyemtamkia mwenzake neno. Ila mama huyo alikuwa amewagawia ujuzi, supu mkono wa mmoja na mikate mkono wa mwingine, na supu bila mkate ni maji ya moto tu. Wakabaki wanatazamana dirisha kwa dirisha.

Basi mteja aliyesimama katikati ndiye aliyebeba maneno.

"Mwambie huyo wa ng'ambo mikate yake leo ina chumvi," Mama Supu angesema.

Mteja, mdomo umejaa, angegeuka. "Anasema mikate ina chumvi."

"Mwambie ni machozi. Nimeionja supu yake."

"Anasema ni machozi, ameionja supu yako."

Mgeni aliyefika mara ya kwanza alicheka mpaka akamwaga bakuli. Madirisha yale yalikaribiana kiasi kwamba wangeweza kupeana mikono, na kila mmoja alimsikia mwenzake hata akimeza mate. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya pale. Neno lililotoka dirishani halikuhesabiwa kuwa limesemwa mpaka libebwe. Likibebwa, lilijibiwa. Lisipobebwa lilikufa, na aliyelisikia hakulisikia. Watu wa leo, wanaotukanana kwenye simu bila hata kujuana sura, wangeuita huo wazimu. Ulikuwa ustaarabu, na umekwenda na wenyewe.

Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Tarishi. Alikuwa akija na bahasha zake kwapani, anaweka bakuli ubaoni, anafuta mdomo, kisha anapeleka neno kama lilivyotoka, na ukali wake na kituo chake. Hajapata kupunguza, hajapata kuongeza. "Mjumbe hauawi," alikuwa akiwaambia wateja wengine waliojitia kutengeneza maneno ya watu, "lakini akiongeza la kwake, auawe tu, hana faida." Akina mama wale walimngojea. Kukiwa na jambo zito, la kodi ya dirisha au la ndugu aliyefariki huko kwao, walilishikilia mpaka Tarishi afike, wakawaacha wateja wadogo wapeleke habari za chumvi.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani pao, hakupata kufika kichochoroni kwa sababu ya goti lake, ila alikijua chote kwa kusimuliwa.

"Mchana kutwa unabeba maneno ya wanawake wa watu," alimwambia, uzi ukiwa midomoni. "Ukifika hapa yamekwisha. Nakuuliza umeshindaje, unaniambia salama."

"Si salama?"

"Haya, bwana. Kesho nitakuja dirishani nami nipate la kwangu."

Tarishi alistaafu. Akapewa saa ya ukutani, ikaharibika. Hakuacha kwenda kichochoroni. Alivaa viatu asubuhi kama mtu wa kazi, akatembea njia zake zilezile bila bahasha, na saa ya chakula ilimkuta amesimama kati ya madirisha mawili.

Kisha dobi akaja mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akasimama pale katikati akipangusa mikono isiyo na maji. Mahoteli yamenunua mashine zao, alisema. Amemuuzia mtu. Mtu huyo amenunua na ghala la karatasi. Kichochoro kitafungwa kwa geti na magari yatalala humo, na mvuke utazimwa mwisho wa mwezi.

"Poleni, mama zangu," alisema, akiwaambia wote wawili kwa pamoja. Hata katika msiba huo watu waliona amekosa adabu. Alipaswa kumwambia mmoja.

Siku zile supu ililiwa kimya. Tarishi alirudi nyumbani na uso ambao mkewe aliusoma kabla hajavua viatu.

"Wakitoka pale ndiyo basi," Tarishi alimwambia. "Kile kichochoro ndicho kilichowashika. Kila mmoja akishika njia yake, hawa watakutana siku ya kuzikana."

"Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime."

"Nalima nini mimi? Nabeba tu."

"Ndiyo nasema. Beba, unyamaze."

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi Tarishi alimkuta Mama Supu hajamwekea supu. Alikuwa ameshika upawa mkavu.

"Kaka, umechelewa."

"Goti la wifi yako. Limehamia kwangu."

"Kabla hujala, nina neno." Akashusha pumzi. "Mwambie nimepata chumba nyuma ya soko la mbao. Kina majiko mawili na mlango mmoja. Mwambie mimi siwezi kuuza supu kavu. Akitaka, twende."

Tarishi hakuhitaji kugeuka ili kuona Mama Mikate amesikia. Aliisikia sauti ya ufagio wa majivu ikikatika ndani ya pipa. Lakini aligeuka, akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu, akalipeleka neno lote pamoja na ile pumzi.

Wateja wawili waliokuwepo, wapiga pasi wa dobi, waliacha kutafuna.

Mama Mikate aliuweka ufagio kando. Alikuwa mwembamba kuliko dada yake, na kikohozi cha majivu. Kisha akasema taratibu, wala si kwa hasira, na hapo ndipo palipoumiza.

"Mwambie aliyempeleka mama akafia njiani, hanipeleki popote."

Kichochoro kizima kilisikia. Mvuke ulipiga chafya ndani ya bomba. Mama Supu alikuwa ametazama ndani ya sufuria, na upawa ulikuwa umesimama hewani.

Tarishi alibaki katikati. Ilikuwa hatua moja tu, ile aliyoipiga tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua neno hili likibebwa limesemwa, na likishasemwa halizoleki. Alijua pia kwamba akilitupa, basi hakuna jibu, na asiyejibiwa amekataliwa. Maisha yake yote hakufungua bahasha ya mtu, hata zile zilizogundishwa vibaya zikajifungua zenyewe kwapani. Alizifumbia macho akazibana kwa kidole mpaka mezani kwa mkubwa.

Akageuka.

"Anasema," alisema Tarishi, akafuta mdomo, akaanza upya. "Anauliza dirisha la hicho chumba linatazama wapi. Mikate haitaki upepo."

Mpiga pasi mmoja alikohoa. Mwenzake akamkanyaga.

Mama Supu aliinua macho, si kwa Tarishi, bali juu ya bega lake, kule ng'ambo, ambako kwa miaka hakuwa amepatazama wazi hivyo. Alikuwa amesikia alichosema mdogo wake, na alikuwa amesikia alichosema Tarishi. Vyote viwili vilikuwa mbele yake kama mabakuli mawili, na ilimpasa achukue kimoja.

"Mwambie linatazama ukuta," alisema hatimaye. "Hakuna upepo hata kidogo."

Tarishi akageuka tena, na safari hii aliogopa zaidi, maana mwenye neno lake alikuwa anamngojea.

"Anasema linatazama ukuta. Hakuna upepo."

Mama Mikate akamtazama kama mtu anavyotazama noti ya mashaka.

"Tarishi, umezeeka."

"Nimezeeka, dada."

"Siku hizi maneno yanakudondoka njiani, unaokota ya wengine."

"Yanadondoka. Macho nayo si yale."

Mama Mikate aliingiza mkono ndani ya pipa, akatoa mkate uliokuwa umeungua upande mmoja, akamwekea mbele. Hakupata kumpa Tarishi mkate ulioungua hata siku moja.

"Kula huo," alisema. "Ndiyo adhabu yako." Akaufunika moto wake, akafunga tena kanga, akachukua muda mrefu katika hilo. "Mwambie nitakwenda kukitazama. Kukitazama tu."

Tarishi alilipeleka hilo kama lilivyo, na lile "tu" lake. Mama Supu akajaza bakuli mpaka ukingoni, supu ikamwagikia ubaoni.

Nyumbani alikaa juu ya mabaki ya vitambaa barazani. "Leo nimeghushi," alimwambia mkewe.

"Umeghushi nini?"

"Ujumbe."

Mkewe alisimamisha cherehani kwa kiganja. Alipokwisha kusikiliza, alicheka mpaka akashika goti. "Na wote walisikia?"

"Wote. Hata wapiga pasi."

"Basi hukumdanganya mtu. Wamejidanganya wenyewe, wakubwa wazima. Wakipatana chukua kapu ukavune."

Lakini hakuvuna. Geti liliwekwa kichochoroni, na magari yakalala mahali ambapo watu walikula. Tarishi aliumwa kifua msimu mzima, akaukosa uhamisho. Alipopata nafuu alikwenda nyuma ya soko la mbao akiuliza, kwa sababu kule hakuwa na njia ya mkato.

Alikuta chumba chenye meza na viti vya plastiki. Nje palikuwa na ubao uliochorwa bakuli na mkate, chakula kimeandikwa kana kwamba mtu angeweza kukikosea. Vijana walikuwa wameinamia mabakuli yao na simu, wakizizungusha wapate mwanga. Mmoja wao alimwambia mwenzake kwamba mahali hapa hapajulikani na watu wengi, ndiyo uzuri wake. Tarishi akaketi. Alikuwa hajapata kuila supu ile ameketi, na aliiona imekuwa nyepesi. Iliinjikwa juu ya gesi.

Akina mama walikuwa upande wa ndani, bega kwa bega.

"Nipe chumvi," alisema Mama Mikate.

"Si iko mbele yako?"

"Ningeiona ningekuomba?"

"Toka zamani huoni. Hata mama alisema."

"Mama alisema wewe ndiye huoni."

Walisemezana hivyo bila kikomo, mama huku, mama kule, jina ambalo kichochoroni halikutajwa ila siku ile moja. Walimwona, wakafurahi kweli, wakamletea bakuli na mkate katika sinia moja. Mama Supu alimuuliza kifua. Tarishi, kwa mazoea, akaweka kijiko chini, akafuta mdomo.

"Haya, dada. Nimwambie nini?"

"Umwambie nani?"

Akaonyesha kwa kidevu.

Mama Supu akamtazama mdogo wake, kisha Tarishi, akaona haya kwa niaba yake. "Kaka, si huyu hapa?"

"Kweli," alisema Tarishi. "Yuko hapa."

Alimaliza supu yake yote. Mkate ulikuwa mzuri, haukuungua popote. Alipofika mlangoni Mama Mikate alimwita, akamfungia mikate miwili katika gazeti.

"Mpelekee mkeo. Mwambie asile ikiwa ya moto, inavimbisha tumbo."

"Mwambie aile ikiwa ya moto," alisema Mama Supu nyuma yake. "Ikipoa si mikate hiyo."

Tarishi aliliweka furushi chini ya kwapa la kushoto, akawaacha wakibishana. Nyumbani aliyafikisha maneno yote mawili, kila moja kama lilivyotoka, na mkewe akala mkate mmoja wa moto na mmoja akauacha upoe. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Tarishi kuwaona akina mama wale.