Kompyuta ya Katekista Yapelekwa Chinongwe

Kosa litakalofichuliwa na masimulizi haya ni ujuaji, yaani tabia ya mtu aliyesoma kutoa hukumu kabla hajamaliza kutazama. Sikulikuta njiani; nilitoka nalo nyumbani.

Sababu ya safari ilikuwa kaburi la mtoto. Mama yangu mdogo, Anastazia, alimzika binti yake Leokadia, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka miwili, katika makaburi ya kigango kimoja huko Nambambo. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa, na kwa miaka mingi mumewe, aliyekuwa katekista, ndiye aliyemwonyesha mahali penyewe. Katekista naye akafariki. Mama mdogo akabaki anajua upande, hajui kaburi. Sasa kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba kuanzia Jumamosi maziko mapya yafanyike katika upande huo ulioonekana mtupu, isipokuwa pale ambapo ndugu wa marehemu wangekuwa wamesimika alama.

Katekista aliwahi kuorodhesha makaburi yote katika kompyuta aliyoachiwa na padre mgeni. Baada ya msiba wake niliiwasha, nikaisoma, nikamwambia mama mdogo kwamba ndani mna majina, umri na maradhi tu; mahali hapakuandikwa. Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Miaka sita baadaye, aliposikia habari ya Jumamosi, aliniomba tuisome tena. Nilikubali ili kumridhisha. Mashine iliwaka, lakini ilikataa kusoma diski. Fundi wa simu mjini alituambia kwamba yuko mama mmoja Msukuma, Chinongwe, anayewatengenezea wafugaji vifaa vyao vya sola, na kwamba mashine za kizee anaziweza.

Alhamisi asubuhi tuliondoka Nachingwea. Inafaa niieleze mashine yenyewe, maana vijana hawatakutana nayo. Ikifungwa hufanana na cherehani ndani ya sanduku lake. Ina mpini, na uzito wake ni kama nusu debe la mahindi. Kifuniko chake, ukikifungua, ndicho kibao cha herufi. Kioo hakizidi kiganja cha mtu mzima, na kando yake kuna matundu mawili ya diski. Haina betri. Ukiizima husahau kila kitu, hata namna ya kuamka, hivyo sharti uanze kwa diski ya kuiamsha, kisha uweke diski ya kazi. Walioiunda waliiita kompyuta ya kubebeka. Ni kweli hubebeka, kama jiwe la kusagia linavyobebeka.

Ndani ya basi nilikaa nayo mapajani. Kondakta akaitazama.

"Mwalimu, siku hizi unashona?"

"Anashona maneno," mama mdogo akamjibu. "Nguo zimemshinda."

Saa nne tulifika Ruangwa, tukachukua bodaboda mbili. Mashine ilifungwa kwa mipira nyuma ya ile yangu, nami kila tulipopita shimo niliigeukia kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Saa sita hivi, Chinongwe. Ng'ombe walikuwa malishoni, na boma lilikuwa kimya. Mwenyeji wetu, mama wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa kivulini akiunga waya wa chaja. Nakiri kwamba nilimtazama nikaona tumepoteza nauli. Nikaanza kumweleza kompyuta ni kitu gani. Aliniacha nikamaliza.

"Mwalimu, nilikuwa karani kwenye kinu cha pamba kule kwetu Kanda ya Ziwa," akasema. "Tulikuwa nazo mbili. Hii ni dada yao." Kisha akamgeukia mama mdogo. "Keti, mayu. Safari imekuchosha." Mayu, kwa lugha yao, ni mama.

Aliichomeka kwenye umeme wake wa sola, akaisikiliza inavyokoroma, akaitoa diski na kuiinua mbele ya mwanga. Ilikuwa na madoa ya ukungu. Akaomba binti yake alete beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni.

"Diski ya kompyuta haioshwi," nikasema.

"Na mtoto akichafuka, haoshwi?"

Mama mdogo akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke. Mwenyeji akapasua ukingo wa gamba la diski, akatoa sahani nyembamba ya kahawia, akaiosha kwa ncha za vidole, akaianika kivulini. Wakati huohuo alisafisha kichwa cha mashine cha kusomea diski kwa pamba na spiriti. Sisi tulikunywa maziwa ya mgando. Sahani ilipokauka aliivika gamba la diski nyingine iliyokuwa haina kitu.

Saa tisa herufi za kijani zikatokea. Niliinama, nikasoma kwa sauti: "Leokadia, binti wa katekista, miaka miwili, surua." Nikainuka. "Ndivyo nilivyosema. Jina, umri, maradhi. Basi."

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Mwenyeji wetu hakuniangalia.

"Mwalimu, umefika mwisho wa kioo. Mwisho wa mstari hujaufikia."

Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Maandishi yote yakasogea kushoto, na kutoka kulia yakaingia yale ambayo sikuwahi kuyaona: mstari wa nne kutoka nguzo ya chuma, kaburi la saba. Kila jina lilikuwa na mahali pake. Kioo kile ni kidogo mno kuubeba mstari mzima. Huonyesha nusu, na nusu ya pili lazima uiite. Katekista alilijua hilo. Mimi sikuuliza.

Mama mdogo alikigusa kioo kwa kidole.

"Miaka sita nasali katikati ya upande ule," akasema, "ili sala isikose kumfikia."

Niliomba kalamu, nikanakili orodha yote kwa mkono, nikiusogeza kila mstari hadi mwisho wake.

Ijumaa tulirudi, tukaenda moja kwa moja Nambambo. Nguzo ya chuma ilikuwepo, imeinama. Tukifuata vibonde hafifu vya udongo uliotitia, tulihesabu mistari minne, kisha makaburi saba. Mama mdogo akakwangua udongo kwa jembe, taratibu. Yakatokea mawe madogo meupe, yamepangwa kwa duara.

"Haya niliyaokota mimi," akasema, akakaa chini palepale. Alama ya zege ilisimikwa jioni hiyohiyo.

Anayeniuliza kama mashine ile yafaa kwa kazi leo, namjibu kuwa haifai: ni nzito, huwezi kuitumia pasipo umeme, na kioo chake kinaumiza macho. Lakini haikusema uongo hata siku moja. Aliyesema uongo ni mimi, na niliusema kwa uhakika wa mwalimu.

Kabla hatujaondoka makaburini, mama mdogo alitaka kumwombea fundi wetu wa Chinongwe.

"Jina lake nani?" akaniuliza.

Nilishinda kwake mchana kutwa, nikanywa maziwa yake, na sikuwa nimemuuliza.

"Nilijua hujui," akasema. "Mimi nilimuuliza."

Akapiga ishara ya msalaba, akalitamka polepole ili nami nilishike: Mbuke Masanja.