Mtu Asiye na Usumbufu

Nilifungiwa juu ya paa la ghorofa mchana wa jua kali, bila viatu. Sakafu ya zege iliunguza kama kikaango, nikavua kilemba nikasimama juu yake. Maji ya tenki yalichemka, huwezi kutia mkono. Nilikuwa nimetoka kuanika mashuka, basi nikajifunika shuka bichi, lakini upepo wa kule ni kama unatoka tanuruni. Shuka likakauka likiwa mwilini. Nikagonga mlango, nikaomba. Madamu, yule mama niliyemfanyia kazi za ndani, akanijibu kutoka upande wa pili, taratibu kabisa, kwa Kiarabu ambacho nilishaanza kukielewa:

"Nani atakuulizia? Huna mume, huna baba, huna kaka."

Kosa langu lilikuwa kuomba kurudi nyumbani.

Maneno hayo yaliniumiza kuliko jua, maana mimi sikumwambia hivyo. Nilipofika nilimwambia nina mume Mbulu, polisi, tena mkorofi. Niliyatunga ndani ya ndege kwa sababu simwamini mtu. Sasa ukweli aliupata kwa nani?

Nirudi nyuma. Nimezaliwa kijiji cha Daudi, huko Mbulu, shule niliishia darasa la nne. Wazazi walikufa, mume naye akafa, na kaka sikupewa. Nilikuwa nalima mahindi na maharage Endasak, kwenye shamba aliloniachia mume. Aliyenipeleka jangwani, huko Uarabuni, ni shangazi yangu wa Bashay, dada wa marehemu baba. Simfichi. Alikuja na sukari na kitenge. Tangu nikiwa mtoto sikuwahi kumwona akimletea mtu sukari, na siku ile ile moyo ulinishtuka, ila nikanyamaza kwa heshima. Akasema anafahamiana na wakala anayepeleka wanawake kazi za ndani, kazi haina jembe wala baridi.

Kilichonikubalisha ni desturi yetu. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi lake. Wengine anawaweka kwa watu, ugonjwa ukija usiwamalize pamoja. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, lakini mwenye ng'ombe anaweza kutokea asubuhi yoyote bila kubisha hodi, amwangalie mnyama wake. Ng'ombe akiumwa analetewa habari. Akifa analetewa ngozi aione. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani hata mtu huwekwa hivyo, kwamba shangazi ananiweka kwa watu anaowajua na ataniulizia.

Watu wananiuliza kule kukoje. Sisemi uongo. Maji yanatoka ukutani, umeme haukatiki, nyama ilikuwa kila siku. Mtoto mdogo wa madamu alinipenda, alikuwa analala mgongoni mwangu kama wa kwetu. Kuna jioni nilisimama kwenye ubaridi wa mashine nikafikiri, nikirudi Endasak nitaweza tena kuchota maji bondeni? Lakini hata wema wa kule niliuogopa. Madamu alinipa simu, kumbe anasikiliza. Akinipa nguo mpya, najua wageni wanakuja na nitafanya kazi hadi miguu ivimbe. Nikipima, naona ng'ombe wa kuwekwa ana nafuu. Mimi mlango ulifungwa kwa nje.

Nilimpigia shangazi, akasema, "Vumilia mwanangu, joto halijamuua mtu wa Mbulu." Akakata. Baada ya hapo hakupokea tena.

Siku ile ya paa, aliyeniokoa ni mfanyakazi wa jirani aliyekuwa kwenye paa lao, mwanamke wa nchi nyingine. Aliniona nimeanguka, akashuka kumwita mlinzi wa jengo. Nikapelekwa hospitali, na daktari alipoanza kuuliza maswali, madamu akaona heri anirudishe.

Niliporudi Endasak majirani walicheka eti nimeleta vumbi la Waarabu badala ya friji. Nikawaacha wacheke. Nilikwenda Bashay. Nikamsalimia shikamoo kama inavyotakiwa, akaitikia marahaba huku anachambua maharage, hakuniangalia.

"Jangwa limekulisha, umenenepa," akasema.

"Huu ni uvimbe, shangazi. Madamu alijuaje kwamba sina watu?"

Alichambua kwanza. Halafu akasema kama mtu anayeeleza bei ya chumvi:

"Wakala aliuliza kama una watu wasumbufu. Wanataka mtu asiye na usumbufu. Nikasema huna. Nilidanganya?"

Niliondoka bila kunywa chai yake, na hapo nyumbani kwake nilikuwa sijawahi kufanya hivyo.

Sasa nimesikia amepeleka sukari kwa binti wa marehemu dada yangu, huko Daudi. Binti hana baba wala kaka. Ameshapigwa picha ya pasipoti, na anafurahi, ananiambia, "Mama mdogo, wewe ulipata watu wabaya tu." Nimemweleza paa, nimemweleza mlango. Anaona nina wivu. Shangazi ndiye aliyemwambia nina wivu, nitaapa kwa hilo.

Basi naandika ili wasome wote, na katekista awasomee wasiojua. Shangazi, kabla binti huyu hajapanda basi la Arusha, simama mbele ya ukoo, Jumapili, watu wakitoka kanisani. Utaje nyumba anayokwenda. Useme nani ataingia humo kumwangalia. Na umwambie yeye mwenyewe, usoni, wakala alikuuliza nini juu yake na wewe ulimjibu nini. Usimsukumizie wakala. Ujibu wewe.